Kesho ya Mama

Ruashi, Lubumbashi, Jumamosi ya Novemba. Mvua imekatika mchana lakini mawingu hayataki kwenda.

Situlii. Nimekaa mezani kwa mama, nimeinuka, nimechungulia dirishani, nimerudi kukaa. Umeme hakuna tangu asubuhi na simu inakaribia kuzima, lakini nisipoandika nitaanza kufagia nyumba ambayo imeshafagiwa. Mama yuko nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nasikia mchi. Ukinyamaza nainua kichwa, ukianza tena nashusha pumzi.

Kesho kaka yangu Floribert anakuja kutoka Kasumbalesa kumchukua mama. Haji kumtembelea, anakuja kumhamisha. Chumba kimeshapakwa rangi, mke wake ameshashona mapazia. Nyumba hii, ambayo papa, baba yetu, aliijenga tofali kwa tofali, itafungwa. Mama hataki, lakini siku hizi hakuna anayemuuliza, kwa sababu mimi, mtaalamu wa familia, nilisema akili yake imeanza kupotea.

Mimi ndiye niliyesema.

Na tangu saa sita ya leo nadhani nilikosea, na bado sijafungua mdomo kumwambia mtu. Ndiyo maana naandika. Hapa angalau hakuna atakayenikatiza.

Kwa anayepita kwenye ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni msaidizi wa utafiti katika saikolojia, na jina langu ni Mujinga. Kwa Tshiluba, lugha ya wazazi wangu, Mujinga ni mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni. Ni jina la heshima kabisa. Kwa Kiswahili, mnajua wenyewe. Shuleni, mwalimu akiita majina, darasa zima lilikuwa linangojea langu. Siku niliyopata shahada papa alicheka mpaka akatoa machozi, akasema sasa tuna Mujinga mwenye diploma, Mungu naye anapenda utani.

Utafiti wetu unahusu huzuni na kumbukumbu. Tunaenda kwa watu waliofiwa, tunawauliza wanakumbuka nini, wamesahau nini, wanalala vipi. Maswali yaliandikwa kwa Kifaransa, sisi tukayageuza Kiswahili, na hapo ndipo tulipokiona cha moto. Mtaani kwetu neno "mawazo" ni fikra, ni wasiwasi, na ni ule ugonjwa wenyewe wa kukosa hamu ya kuishi. Tulimuuliza mzee mmoja, mchimbaji wa zamani aliyefiwa na mke, kama "iko na mawazo mingi". Akaniangalia kwa huruma.

"Mawazo njo ilinijengea hii nyumba, mama. Muntu bila mawazo anazeekea mu nyumba ya kulipia location."

Mwenzangu alicheka hadi akaomba ruhusa ya kutoka nje. Tulibadilisha swali. Kuanzia siku ile nilijiona fundi wa maneno, nikawa nawasahihisha wenzangu kwenye mikutano.

Kuna swali moja nalijua kwa kichwa, maana nimeliuliza pengine mara nyingi kuliko nilivyosali sala ya jioni: "Siku ile ya msiba ikirudi kila mwaka, unajisikia namna gani?" Watu wengi hapo ndipo wanapolia. Wengine husema wiki nzima kabla ya siku yenyewe mwili unakuwa mzito, mguu unauma, chakula hakina ladha, kisha wakitazama kalenda wanaelewa. Mimi huitikia kwa kichwa, polepole, kama tulivyofundishwa.

Sasa Jumatano.

Nilikuwa na mahojiano mawili huku Ruashi, na katikati nikapitia kwa mama. Miezi hii amekuwa akinitia wasiwasi. Amenisimulia habari moja ya jirani mara mbili mchana mmoja. Amesahau jina la mtoto wa Mama Béa, wa nyumba ya pili, aliyemwogesha mwenyewe akiwa mchanga. Na kitu kilichonitisha zaidi: ameanza kuchanganya jana na kesho. "Kesho nilipita kwa padiri." "Kesho mvua ilinyesha sana." Tulikuwa tunacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Mwalimu wetu anatuambia kila mwaka: usimpime mtu unayekula naye sahani moja. Mimi nilimpima, hapa hapa mezani, na mkoba wangu nimeuweka kwenye kiti cha papa.

Nilimkuta amevaa kikwembe kizuri, kile cha sandukuni, bado kinanuka dawa ya nondo. Jikoni sufuria kubwa, ile ya sikukuu, ilikuwa juu ya mbabula, jiko la makaa, imejaa samaki wa mchuzi. Mwanamke anayeishi peke yake anapika sufuria ya ukoo mzima. Niliona, nikaweka akilini upande wa dalili.

"Mama, leo ni siku gani?"

Aliniangalia. "Weye njo unaniuliza ile?" akasema. "Weye, Mujinga?"

Nikampa sifuri. Nikaendelea na swali linalofuata, jana ulifanya nini, naye akajibu bila kusita: "Kesho nilienda ku soko kutafuta samaki." Hapo nilikuwa nimeshaamua. Nilimpa maneno matatu ya kushika, embe, sabuni, mulango, tukazungumza mambo mengine, kisha nikamwomba anirudishie. Alisema embe, alisema sabuni, kisha akageuka kutazama barabarani. La tatu halikuja.

Alinipakulia. Nikamwambia nina haraka, kuna mtu ananingoja, nitakula siku nyingine. Alibaki amesimama na sahani mkononi. Nilimbusu shavuni nikatoka kwenda kumuuliza mjane wa mtu mwingine anajisikia namna gani siku ya msiba ikirudi.

Jioni nikampigia Floribert. Nilitumia sauti yangu ya kazini. Nikamwambia mama anapoteza mpangilio wa wakati, tusimwache peke yake, tuanze kufikiria.

Floribert ni déclarant, wakala wa forodha, pale mpakani Kasumbalesa. Maisha yake ni malori na mihuri, na mtu wa malori hafikirii, anapakia. Alhamisi alikuwa na karatasi za kupeleka mjini, akapita hapa bila kuniambia. Alipofungua geti alisikia harufu ya kuungua. Ile sufuria kubwa ilikuwa juu ya moto, imekauka, imekuwa nyeusi ndani na nje, na mama amekaa sebuleni mikono mapajani. Yaya, ndivyo ninavyomwita kaka yangu mkubwa, akazima moto, akafungua madirisha, akamuuliza kuna nini. Mama akamwambia:

"Siku ya papa yenu njo kesho."

Lazima nieleze kwa nini maneno hayo yalimvunja kaka yangu.

Papa alifanya kazi ya reli. Alikuwa anaondoka Jumatatu na treni, anarudi Ijumaa jioni. Kwa hiyo nyumbani kwetu Ijumaa haikuitwa Ijumaa, iliitwa siku ya papa. Na kila Alhamisi, sisi tukianza kuombaomba vitu vitamu, au tukigombana, au mmoja akitaka kupigwa, mama alikuwa anasema hivyo hivyo: siku ya papa yenu ni kesho. Ilikuwa ahadi na ilikuwa fimbo. Floribert aliyasikia utoto wake wote.

Papa amekufa. Na Alhamisi hii, mama, mbele ya sufuria iliyoungua, anayasema tena.

Yaya alinipigia akiwa ndani ya gari, hajawasha injini. "Mujinga, mama anangoya train," akasema. "Anangoya papa ashuke ku train." Kisha akalia. Sijawahi kumsikia analia, hata kwenye matanga alikuwa yeye wa kupanga viti. Nilimwambia maneno ya kitaalamu, sikumbuki yapi. Kabla hatujakata alikuwa ameshaamua: Jumapili anakuja na gari kubwa.

Nikamwambia sawa, yaya.

Nimesimama tena. Nimeenda mpaka mlango wa chumba cha mama nikarudi. Nyuma ya mlango lipo begi lake. Tangu Floribert amwambie ajitayarishe, limefungwa na limesimama pale, na nimeona mama akipita chumbani anazunguka kitanda ili asiliguse. Miaka ile Wakasai, watu wetu, walipofukuzwa mjini hapa na kuambiwa warudi kwao, alilala kwenye kituo cha reli juu ya begi, mimi mgongoni, Floribert ameshika ncha ya kikwembe chake. Papa alitutoa pale, hakuwahi kusema alimwendea nani, na tukarudi nyumbani. Mama habebi begi tangu wakati ule. Akisafiri anafunga vitu kwenye kitambaa. Hayo nayajua tangu zamani na sikuyafikiria hata kidogo niliposema sawa, yaya.

Nilikuja leo asubuhi kumsaidia kupanga vitu. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Sasa naeleza ya saa sita.

Mama ana mdogo wake Mbuji-Mayi, kule Kasai, tantine Ngalula. Tangu papa afe wanazungumza kila siku, na mama anashika simu mbele ya mdomo kama kipande cha mkate, sauti imefunguliwa yote, mtaa mzima unashiriki. Wanazungumza Tshiluba. Mimi Tshiluba naisikia nusu nusu, nikijibu najibu Kiswahili, wanawake wa kanisani wananicheka. Papa mwenyewe alizaliwa hapa Lubumbashi, nyumbani tulikua na Kiswahili cha hapa na Kifaransa cha shule. Tshiluba ilikuwa ya mama peke yake, aliitoa akiwa amekasirika au akiwa anaimba.

Nilikuwa nachambua majani ya sombe, sisikilizi kwa makusudi. Tantine akaanza, "Moyo!" Ndiyo salamu yao, wanasalimiana kwa kutaja moyo, uhai. Mama akaitikia. Akamweleza mvua ya jana ilivyong'oa bati la Mama Béa. Hilo nilielewa kwa sababu bati hilo limelala kwenye uwanja wetu mpaka sasa. Akasema: makelela. Kisha sauti ikashuka, akamwambia kwamba Floribert anakuja kumbeba. Lini? Makelela.

Mkono wangu ukasimama kwenye majani.

Bati, jana. Floribert, kesho. Neno moja.

Mimi neno hilo nalijua! Nimelisikia tangu nikiwa mgongoni. Makelela ni siku iliyo kando ya leo, upande huu au upande ule, na wanaozungumza wanajua wanaelekea upande gani, hawana haja ya maneno mawili. Nalijua na halikuwahi kunipita kichwani, Jumatano nzima, nikiwa nimekaa na kalamu mbele ya mwanamke kutoka Kasai, nimejifanya fundi wa maneno. Mama alikuwa anafikiri kwa Tshiluba na anatoa kwa Kiswahili, na kwenye kugeuza alikuwa anashika kesho kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

Nikaanza kufurahi. Nusu dakika labda. Kisha nikarudi kwenye lile la Alhamisi.

Siku ya papa yenu njo kesho.

Kama kesho yake ni jana, basi Alhamisi alikuwa anasema Jumatano. Jumatano ilikuwa siku ya papa. Papa wa treni alikuwa wa Ijumaa. Papa wa Jumatano alikuwa nani?

Sikuhitaji kalenda. Nilitazama hata hivyo, mikono yangu ina maji ya sombe, nikachafua kioo cha simu. Jumatano ilikuwa tarehe ya kifo cha papa.

Mwaka wa kwanza tulifanya misa, watu walijaa mpaka barabarani. Mwaka uliofuata tulipigiana simu, tukasema Mungu amlaze pema. Mwaka huu mama alikwenda sokoni siku moja kabla, akatafuta samaki ambaye papa alimpenda, akatoa kikwembe sandukuni, akapika sufuria ya watu wote, akakaa kungoja watoto wake. Akaja mmoja. Na huyo mmoja akaweka mkoba wake kwenye kiti cha marehemu, akamuuliza leo ni siku gani.

"Weye njo unaniuliza ile? Weye, Mujinga?"

Nimelisikia jina langu tangu saa sita kwa lugha zote mbili.

Nina hasira. Nataka kuiandika jinsi ilivyo. Nina hasira na nafsi yangu, na pia, Mungu anisamehe, nina hasira na mama. Kwa nini hakusema tu? Neno moja, "leo papa yenu alikufa," ningeanguka miguuni pake. Halafu nakumbuka kwamba alisema. Alisema Alhamisi, kwa yaya, kwa maneno yaliyotoka kinyume, na sisi tukamtafutia chumba.

Tena nina hofu, kwa sababu siwezi kujidanganya kwamba neno moja limeponya kila kitu. Sufuria iliungua kweli. Mtoto wa Mama Béa amesahauliwa kweli. Na hili linanisumbua zaidi: mama alikuja hapa bibi harusi, ameuza vikwembe sokoni kwa Kiswahili miaka na miaka, hakuna mteja aliyewahi kumshinda maneno. Alikuwa anasema "yana", ndiyo jana ya mtaani kwetu, kama sisi wote. Kwa nini sasa yana imepotea? Papa alikuwa akisimulia kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa mama alimchanganyia jana na kesho kila siku, mpaka akamwita Madame Kesho, na yeye akajifunza kwa hasira tu. Basi kwa nini imerudi? Kwa sababu ya mazungumzo ya kila siku na tantine? Kwa sababu aliyekuwa anamsahihisha kwa mzaha amekufa? Au ni mlango wa akili ambao kweli unaanza kufungwa, na lugha ya utotoni ndiyo inabaki mwisho? Darasani tunasema huzuni inaweza kuvaa nguo za kusahau. Tunasema pia kusahau kunaweza kuvaa nguo za huzuni. Darasani tunasema mengi.

Sijui. Kwa mara ya kwanza wiki hii nasema sijui.

Mchi umenyamaza.

*

Narudi. Sijui nianze wapi. Vidole havinitoshi, nagonga herufi haraka kabla simu haijazima.

Mama aliingia na beseni, akaniona nimeshika kichwa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalikimbia.

"Mama," nikamwambia, "Siku ya tatu tulisahabu papa."

Siku ya tatu ndiyo Jumatano kwa Kiswahili chetu. Aliweka beseni chini. Hakushangaa hata kidogo.

"Njo unakumbuka leo?"

"Njo leo. Juu ya nini haukusema, mama?"

"Mi niombe bantu bamukumbuke papa yao?" Hakupandisha sauti. "Nilipika. Nilivaa. Ulikuya, nikasema, Mujinga amekumbuka. Ukatosha kalamu mu mukoba."

Nililia kama mtoto, kwa sauti, na yeye akaendelea kuchambua majani yaliyobaki, bila kunibembeleza. Akaniacha nimalize. Baadaye akanitupia kitambaa cha mabegani mwake nijifute, akasema samaki aliwabakiza siku ile, akawarudisha kwenye moto siku iliyofuata akidhani labda Floribert atakuja kwa ajili hiyo, kisha akakaa kumfikiria papa na moto akausahau.

"Unasahabu mara mingi, mama?"

"Mara ingine." Akafikiri. "Jina ya ule mutoto wa Mama Béa haikuyi tena. Inaniogopesha."

Kumbe anaogopa. Siku hizi zote tumemzunguka kama anavyolizunguka begi lake, tunanong'onezana juu ya akili yake, na hakuna aliyemuuliza kama anaogopa. Nikamuuliza anataka nini. Swali rahisi, halikuwemo kwenye karatasi zangu. Akasema anataka kubaki kwenye nyumba ya mume wake, anataka mtu wa kulala hapa nyumbani usiku, na anataka daktari ambaye yeye hakumzaa. Nikasema nitahamia mimi chumba cha nyuma, na daktari tutamtafuta anayesikia Tshiluba. Akasema tutaona, eti nikilala nakoroma.

Nilimpigia Floribert hapo hapo, nikafungua sauti.

Nikamweleza makelela. Nikamweleza Jumatano. Nyuma yake malori yalikuwa yanapiga honi.

"Siku ya tatu nilikuwa ku kazi, ku bureau, mpaka mangaribi," akasema. "Nilisahabu papa, Mujinga. Mi, mukubwa." Kisha akajikaza, akawa yaya tena. "Na casserole ile iliungua? Casserole nayo ilikuwa inasema Tshiluba?"

Swali zuri. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, kwamba mama mwenyewe anaogopa, kwamba nilisema kwa uhakika kitu nisichokuwa na uhakika nacho, na kwamba kumtoa nyumbani kwa ajili ya makosa yangu siwezi. Aligomba kidogo. Akataja mapazia, akasema mke wake atamwelewa vipi. Alikuwa anapigana nami kwa mapazia, maskini. Nilimsikia anataka kushindwa.

"Basi nikuye ao nisikuye?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaiinamia simu, akaongea kwa sauti ya sokoni:

"Ukuye na njala. Gari kubwa uache kwako."

Floribert akacheka, au akalia, kwenye simu vinafanana. Akasema ndiyo, mama.

Nilitoka nje kupunga hewa. Baridi ya baada ya mvua, uwanja wote maji, bati la Mama Béa limelala pale pale. Niliporudi sikufunga vizuri, mama akapiga kelele kutoka jikoni: "Mulango!"

Nilibaki nimeshika kitasa. Mulango. Neno la tatu. Labda alikuwa analo tangu Jumatano, labda alikuwa anasikia baridi tu. Nilifunga. Sikuandika alama popote.

Sasa hivi yuko chumbani. Nasikia zipu ya begi ikifunguliwa. Amepita mbele yangu na kile kikwembe cha sandukuni, amekitundika kwenye kamba jikoni ili kitoke mikunjo. Bila kunitazama, kama alivyokuwa akituambia zamani tukianza fujo, akasema:

"Siku ya papa yenu njo kesho."

Sikumuuliza ni kesho ya upande gani. Bado kuna daktari wa kutafuta, bado kuna jina la mtoto ambalo halijarudi, na nikifikiria miaka inayokuja nataka kuinuka tena nitembeetembee. Lakini siku ya papa ni kesho, Floribert anakuja na njala, na sufuria kubwa bado ni nyeusi. Naenda kuisugua.